Nani Ataitikia?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaa wa Migosi hapa Kisumu, jogoo wa jirani amekwisha maliza zamu yake na matatu za kwanza zinapiga honi kuelekea Kondele. Nikafungua simu nisali Sala ya Asubuhi. Simu ikanipa Sala ya Jioni. Ya jana.

Sikuwa nimebonyeza vibaya. Tovuti niliyokuwa nikiitumia imewekwa Marekani na tarehe yake inafuata saa za huko. Kwetu kukipambazuka, New York bado ni saa tano na nusu ya usiku uliopita, na katika miezi ile ambayo wao hurudisha saa nyuma, ni saa nne na nusu. Basi nikajikuta naomba nilindwe na hatari za usiku huu huku jua likichomoza upande wa Kano. Wavuvi wa omena wa Dunga wangeona ni sawa kabisa, maana wao hukesha ziwani na taa zao na kurudi ufuoni asubuhi ndiyo jioni yao. Mimi si mvuvi.

Nimecheka peke yangu, nikarudi kwenye kitabu, lakini swali halikuniacha. Waanglikana wengi wa huku magharibi tumehamishia sala ya kila siku kwenye simu bila kuichungua simu hiyo inatufanyia nini. Wanaoizungumzia huishia kwenye kero za kawaida: jumbe zinazoingia katikati ya zaburi, betri inayokata, bando inayoisha. Hayo sina la kuyasemea. Zima data, chaji simu mapema. Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likitajwa, nami litanichukua muda kulifikia.

Nianze kwa shukrani. Kitabu cha Sala cha 1662, ambacho wamishonari walikuja nacho, kinamwagiza kila kasisi asali Sala ya Asubuhi na ya Jioni kila siku, na anayehudumu parokiani agonge kengele ili watu waje wasali pamoja naye. Nitajie parokia unayoijua, kuanzia Kisumu hadi Butere, ambayo kengele yake hulia Jumanne. Yetu hulia Jumapili na siku za mazishi. Katikati ya juma sala hiyo imebaki mali ya makasisi, wanafunzi wa theolojia na wazee wachache waliolelewa nayo. Kisha 2020 makanisa yakafungwa kwa sababu ya korona, na yalipoanza kufunguliwa Julai, waliozidi miaka 58 na watoto wasiofika 13 wakaambiwa wabaki nyumbani. Kwa hiyo zikawepo nyumba nyingi zenye nyanya, wajukuu, simu moja, na Jumapili isiyokuwa na pa kwenda.

Hapo ndipo wengi tulipogundua kwamba ibada nzima inaweza kukaa kiganjani. Kanisa la Uingereza lina programu ya bure inayokupangia zaburi, masomo na sala ya siku, na lina nyingine fupi, Time to Pray, ya mchana na ya kabla ya kulala. Kutoka Marekani kuna Mission of St. Clare na Daily Office 2019. Kuna rekodi za kusikiliza ukiosha vyombo au ukiwa kwenye foleni ya magari pale Mamboleo. Mtu ambaye hajawahi kushika Kitabu cha Sala, aliyezoea kuona kasisi tu ndiye anayejua ukurasa, sasa anasali Jumanne. Hilo halikutokea kwa semina wala kwa waraka wa askofu.

Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyetuandalia Kitabu cha Sala, angezipenda programu hizi. Katika dibaji ya kitabu cha kwanza, cha 1549, analalamika kwamba kanuni za ibada za zamani zilikuwa nyingi na zenye kupindapinda, hata mara nyingi kutafuta kinachopaswa kusomwa kulikuwa kazi kubwa kuliko kukisoma kikishapatikana. Dawa yake ilikuwa kuvichukua vipindi vya sala vya watawa, vilivyotawanyika usiku na mchana, na kuvikusanya viwe viwili tu, asubuhi na jioni, kwa lugha ambayo muuza samaki angeielewa. Zaburi zote 150 akazipanga zimalizike kwa mwezi mmoja. Simu imemkamilishia kazi. Hupekui kurasa, hushiki utepe, huhesabu ni Jumapili ya ngapi baada ya Utatu. Unabonyeza *Leo*, na leo inakuja, mradi tu saa yao ikubaliane na yako.

Ila fungua sehemu ya mipangilio uone. Kiingereza cha zamani au cha sasa? Zaburi za siku 30 au 60? Masomo ya mwaka mmoja au miwili? Biblia ipi kati ya hizi sita? Sala ndefu au fupi? Namjua kijana mmoja wa parokia yetu aliyetumia Kwaresima nzima akilinganisha programu. Pasaka ilimkuta bado hajachagua. Kazi ya kutafuta imeshinda tena kazi ya kusoma.

Lalamiko la pili la Cranmer katika dibaji hiyo hiyo ndilo linalotuhusu zaidi. Anasema ndani ya nchi moja wengine walifuata desturi ya Salisbury, wengine ya Hereford, wengine Bangor, York au Lincoln, naye akataka taifa lote liwe na desturi moja. Njoo basi Migosi. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, anasali kwa desturi ya London. Binti yake, aliyetumiwa kiungo na rafiki aliye masomoni Marekani, anasali kwa desturi ya huko, ambako zaburi zimesambazwa kwa majuma saba. Mimi nimekaa na Our Modern Services, kitabu cha Kanisa letu la Kenya kilichotoka 2002, kikiwa kimelegea mgongo. Sote watatu ni wa parokia moja na Jumapili tunanywea kikombe kimoja. Jumatano asubuhi, tukitenganishwa na ukuta mmoja wa mawe, tunasoma zaburi tatu tofauti.

Kuna ubaya gani, utauliza, Mungu si ni mmoja? Ubaya wa kumpeleka mtu jehanamu haupo. Lakini misikiti ya mjini ikiadhini alfajiri, Mwislamu aliye peke yake katika chumba cha kupanga kule Nyalenda anajua kwamba maneno atakayoyasema yanasemwa wakati huo na jirani yake, na pia na shemeji yake aliye Mumias. Sisi tulikuwa na kitu kinachokaribia hicho. Jina lenyewe la kitabu, katika Kiingereza chake, linasema ni sala za watu wote kwa pamoja. Tumekipata kitabu, ule upamoja ndio unatuponyoka.

Sababu ya kumezwa na London na Marekani si kwamba wao ni wacha Mungu kutushinda. Ni haki za uchapishaji. Kitabu cha 1662 kiko chini ya Taji la Uingereza ndani ya Uingereza tu. Nje ya hapo ni mali ya yeyote, unaweza kukinakili hadi uchoke. Waepiskopali wa Marekani nao walipotoa kitabu chao cha 1979 hawakukifungia haki, wakaacha kila mtu akichukue. Mtengeneza programu anayetafuta maandishi ya sala huokota yaliyo wazi barabarani, na yaliyo wazi ni hayo. Vitabu vyetu vilichapishwa ili viuzwe, na ni haki ya wachapishaji, maana karatasi hailipiwi kwa amina. Matokeo yake ni kwamba Mkenya akiandika maneno mawili kwenye Google kutafuta sala ya Kianglikana, wanaompokea mlangoni ni wageni.

Nao wageni huja na mfalme wao. Tulipoanza kutumia programu ya Kiingereza nyumbani, kifungua mimba wangu alifika mahali pa kumwomba Bwana amwokoe Mfalme, akanyamaza, akauliza, "Baba, ni yule Charles aliyekuja Kenya?" Ndiye, alikuja 2023. "Kwani yeye ndiye mfalme wetu?" Kenya imekuwa jamhuri tangu tarehe 12 Desemba 1964, mwanangu, na katika vitabu vyetu tunamwombea Rais. Akafikiri kidogo, akasema basi tumwombee yeyote kati yao mwenye shida kubwa zaidi. Niliona ni theolojia nzuri, lakini somo la pili lilichelewa.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kwa sala sikubaliani nao moja kwa moja, maana karibu kila sala tuliyo nayo tuliiazima, na zimetusitiri. Na si kila cha London hakituhusu. Tarehe 29 Oktoba kalenda ya Kanisa la Uingereza humkumbuka Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga 1885. Mistari miwili ya maelezo kwenye simu haina nafasi ya kukuambia kwamba siku chache kabla ya kifo chake alikuwa hapa hapa, Mumias ya leo, na kwamba sehemu kubwa ya msafara wake aliiacha pale chini ya William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani akawa mhudumu wa kanisa. Hannington akaendelea na watu wapatao hamsini. Jones ndiye aliyebaki kungoja habari. Mtu wa Mumias akiisali siku hiyo bila kujua haya, anasali sala ya kwao akidhani ni ya ugenini.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Mama yangu hutoka Seme mara kwa mara kuja kuangalia macho hospitalini, na akija hukaa kwetu wiki mbili tatu. Wajukuu humwita Dani. Kitabu chake cha sala cha Dholuo amekifunga kwenye mfuko wa plastiki wa kabla ya marufuku ya 2017, na nadhani ndio mfuko wa mwisho halali katika kaunti hii. Jioni moja, ili macho yake yapumzike, niliweka simu mezani nikacheza rekodi ya Sala ya Jioni kutoka Uingereza. Sauti mbili safi, za mwanamume na mwanamke. Mwanamume anaanza mstari, mwanamke anaujibu, bila pengo hata la kuvuta pumzi. Sisi tumekaa mikono magotini kama wagonjwa kwenye foleni. Dani alivumilia hadi mwisho wa zaburi ya kwanza.

"Hawa wanajibizana wenyewe," alisema. "Sisi hapa tunafanya nini?"

Akaniambia nizime. Akaanza yeye, kwa kichwa, bila kufungua mfuko. Watoto hawajui Dholuo cha kutosha kusali, lakini mdundo waliutambua. Alipotua, mmoja akajibu kwa Kiswahili, mwingine kwa Kiingereza, na Dani akaendelea kana kwamba hivyo ndivyo sala ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Walipofika kwenye wimbo wa Mariamu, wa moyo wangu wamwadhimisha Bwana, zilikuwa lugha tatu zinazogongana, na mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi kuongeza sauti ya nne.

Nimelifikiria swali la Dani zaidi kuliko hotuba nyingi za askofu nilizozisikia. CMS, chama cha wamishonari wa Kianglikana, ilipofika Maseno 1906 na kuanzisha shule, kuwa Mkristo na kusoma vilikuwa kitu kimoja. Kwa Wajaluo, Wakristo waliitwa *josomo*, watu wa kusoma. Lakini ukweli wa siku zile ni kwamba kitabu kilikuwa kimoja na waliojua kukisoma walikuwa wachache. Mkristo asiyejua herufi alisali vipi Sala ya Asubuhi? Aliitikia. Kiongozi alisoma, na wengine walikuwa na fungu lao la maneno mafupi, yale yale kila siku, yanayoingia kichwani kwa kurudiwa. "Ee Bwana, uifumbue midomo yangu," zaburi ya 51 ndiyo hiyo, na nusu ya pili ya mstari, "na kinywa changu kitazinena sifa zako," si lazima uione imeandikwa popote. Kiitikio ni fungu la asiye na kitabu. Ni la kipofu, la mtoto wa miaka minne, la bibi ambaye hakupelekwa shule kwa sababu kaka zake ndio waliopelekwa.

Simu imelifuta fungu hilo kwa njia mbili zinazoonekana kama ukarimu. Ya kwanza ni kumpa kila mtu maandishi yote, ya kiongozi na ya waitikiaji, ili asome yote peke yake kimoyomoyo. Ya pili ni kuleta waitikiaji wa kurekodiwa, wanaokuitikia kabla hujafumbua mdomo. Kwa njia zote mbili, mtu asiye na simu aliyekaa kwenye kochi lile lile hana kazi. Ndiyo maana naona nyumba ambako baba anasali sana, tena kwa nidhamu, kila alfajiri na vipokea sauti masikioni, na watoto wake hawajui hata mstari mmoja wa Sala ya Asubuhi. Baba yake yeye, aliyekuwa na kitabu kimoja chenye kurasa zilizong'olewa, aliwafundisha watoto tisa bila kukusudia. Aliwahitaji wamjibu.

Siku hizi basi nikipewa kiungo cha tovuti au programu mpya ya sala, siulizi kama ina muziki mzuri au inaenda na toleo gani la Biblia. Nauliza nani ataitikia.

Kipimo changu kina kasoro, nami nimeonyeshwa kasoro hiyo na dada yangu, ambaye ni muuguzi Nakuru na anaishi peke yake Section 58. "Wewe una nyumba imejaa watu," aliniambia. "Mimi nikitoka zamu ya usiku ni mimi na sufuria. Hao Waingereza wawili ndio wanaoniitikia." Sikuwa na jibu. Wako wengi kama yeye. Kuna mlinzi wa usiku, mwanafunzi wa chuo bwenini na wenzake wa madhehebu mengine, mjane wa Bondo ambaye watoto wote wako Nairobi au Qatar. Kumwambia mtu kama huyo kwamba sauti ya rekodi si ushirika halisi ni kumnyang'anya mkongojo kwa kuwa si mguu.

Tulichokuja kufanya mimi na dada yangu nakitaja kwa haya kidogo, kwa sababu ni kitu cha kizamani. Tunapigiana simu. Saa tatu usiku, kama hayuko zamu, mmoja anapiga, na tunasoma zaburi ya jioni kwa kupokezana, mstari wake mstari wangu, yeye na Biblia yake ya Kiswahili ya 1952 na mimi na yangu. Hakuna programu, hakuna bando, ni salio la kawaida tu, na ingewezekana kwa kabambe, ile simu ndogo ya tochi. Mtandao ukikwaruza tunarudia mstari. Imenichukua muda kuona kichekesho chake: miaka yote hii tumekuwa tukitafuta ndani ya simu kitu cha kutusaidia kusali pamoja, na simu ilibuniwa kwa kazi hiyo hiyo ya mmoja kusema na mwingine kujibu kutoka mbali.

Zaburi ipi? Hapa ndipo mpango wa Cranmer unapoishinda programu kwa urahisi wake, na nashangaa haufundishwi kwenye madarasa ya kipaimara. Kinachohitajika ni tarehe tu. Tarehe 1 asubuhi ni zaburi ya 1 hadi ya 5, jioni ya 6 hadi ya 8, na unaendelea hivyo hadi tarehe 30 jioni unapomaliza na za 147 hadi 150. Mwezi ukiwa na siku 31 unarudia za tarehe 30. Zaburi ya 119, yenye mistari 176, imekatwa vipande kuanzia tarehe 24 jioni hadi 26 jioni, vinginevyo watu wangelala. Orodha nzima inaenea kwenye karatasi moja ya kubandika ndani ya jalada la Biblia. Mtu mwenye karatasi hiyo hahitaji kuulizwa mipangilio, na mwenzake mwenye karatasi kama hiyo Bungoma au Nakuru atakuwa kwenye zaburi ile ile bila kupanga.

Kuna na upotevu mwingine mdogo wa simu ambao sikuutarajia. Programu inakupa ya leo tu. Kitabu kinakuruhusu upotee. Mafuriko ya 2024 yalipoingia nyumba za watu Nyando, nilikuwa nikitafuta kitu kingine kabisa kwenye kitabu cha 1662 nikakuta sala ya kuomba mvua ikome na hali ya hewa itulie, yenye kukumbuka gharika ya Nuhu, imekaa hapo mkabala na sala ya kuomba mvua inyeshe. Watu wa Kano wanazihitaji zote mbili ndani ya mwaka mmoja. Miaka miwili ya kubonyeza *Leo* haikuwa imenifikisha kwenye kurasa hizo.

Na kwa kuwa tunasali nyumbani bila kasisi, nikumbushe jambo moja ambalo skrini hailitenganishi vizuri: tangazo la ondoleo la dhambi baada ya ungamo limeachiwa kasisi. Mimi mlei hulibadili likawa ombi, nikisema "utusamehe" badala ya kuwatangazia wanangu kwamba wamesamehewa. Mke wangu anasema ni vizuri, kwa sababu mara nyingi anayehitaji kusamehewa jioni hiyo ni mimi.

Marafiki zangu wa makanisa ya kiroho hushangaa kwamba tunasali kwa kusoma. Nawajibu kwamba hata wao wana Baba Yetu, na tunasonga mbele, maana mjadala huo ni mzee kuliko sisi wote.

Kwa upande wa dayosisi zetu, ambazo huku magharibi ni nyingi, Maseno zote na Bondo, Mumias, Nambale, Butere na nyingine, naona kuna kazi ndogo inayongoja mtu, na haihitaji wafadhili wala uzinduzi wenye mahema. Chukueni mwinjilisti mwenye sauti nzuri, mpeni chumba kisicho na mwangwi, mrekodini akisoma sehemu ya kiongozi peke yake, kwa Kiswahili, kwa Dholuo, kwa Kiluhya. Baada ya kila mstari anyamaze. Asiwepo wa kumjibu. Ukimya wa sekunde nne tano, wenye nafasi ya mzee kukumbuka maneno. Rekodi ya dakika kumi ikibanwa vizuri haifiki megabaiti tatu, inapita WhatsApp hata mtandao ukiwa mnyonge. Akina mama wa Mothers' Union wataisambaza vijiji vyote kabla ya Ijumaa. Haki za kitabu ni za kanisa letu wenyewe, kwa hiyo anayeombwa ruhusa na anayeiomba wanaweza kukutana kwenye chai moja.

Nilimwambia kasisi mmoja wazo hili, akasema watu wataona rekodi ina kasoro, watafikiri sauti imekatika. Huenda. Nilijaribu nyumbani kwa kujirekodi mwenyewe, nikacheza Dani akiwepo. Ukimya wa kwanza ulipofika, watoto walitazama simu wakidhani imezima. Dani hakuitazama. Alijibu.

Kwenye baraka ya mwisho tulitumia ile ya ibada ya Kenya ya 1989, ya kupeleka shida zetu zote kwenye msalaba wa Kristo huku mikono ikitupwa kuelekea msalabani. Kanisani msalaba uko mbele. Nyumbani hatuna, kwa hiyo kila mtoto hutupa mikono upande wake, mmoja dirishani, mmoja kwenye kalenda ya duka la mbolea. Mdogo kabisa huitupa kuelekea kwenye simu. Sijamsahihisha bado.

Jana ilikuwa tarehe 15. Wanaozifuata zaburi kwa tarehe wanajua maana yake: jioni ni zaburi ya 78, mistari 72, Waisraeli wakimwasi Mungu tena na tena hadi karibu na mwisho. Dada alipiga saa tatu kasoro. Tulipokezana vizuri hadi mstari wa 38, ndipo salio lake likaisha, na mimi nikajiambia nitampigia nikimaliza kumeza maji. Nikasinzia kwenye kiti.

Asubuhi nilikuta ujumbe wake wa saa tatu na robo: "Nimeitikia mpaka 72. Wewe uliishia wapi?"